Afya ya akili hujengwa siku za kawaida, si siku ya msiba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo gazeti lako, kama yalivyo magazeti mengi, hulishughulikia kwa nia njema lakini kwa kuchelewa. Habari za afya ya akili huandikwa kwa wingi katika nyakati mbili: pale mtu anapojiua au kumdhuru mwenzake, na tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, ambayo imekuwa ikiadhimishwa tangu mwaka 1992. Nje ya nyakati hizo kurasa hukaa kimya. Msomaji anayezitegemea hubaki na picha kwamba afya ya akili ni habari ya wagonjwa, hospitali na misiba, na kwamba yeye, aliyeamka leo akaenda kwenye shughuli zake na kurudi salama, haimhusu. Ninaamini kinyume chake, na ndiyo sababu ya kuandika: afya ya akili hujengwa, na siku zinazofaa kuijenga ni hizi za kawaida ambazo hakuna kilichoharibika.

Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyopitishwa mwaka 1946, ilieleza kwamba afya ni hali ya ustawi kamili wa mwili, wa akili na wa maisha ya kijamii, wala si kutokuwapo kwa maradhi tu. Mwaka 2002 mwanasosholojia wa Marekani, Corey Keyes, alichapisha makala iliyolipa wazo hilo uzito wa utafiti, kwa kuonyesha kwamba miongoni mwa watu wasio na ugonjwa wowote wa akili wapo wanaostawi na wapo walionyong'onyea. Hawa wa pili hawaumwi kwa kipimo cha daktari. Wanakwenda kazini, wanalea watoto, wanaitikia salamu, lakini hawana shauku ya lolote, hawaoni maana ya wanayoyafanya, na siku zao zinapita bila kuacha alama. Nadhani kila anayesoma barua hii anamfahamu mtu wa namna hiyo, na huenda asiende mbali kumtafuta. Mtu huyo hatapelekwa hospitali na hataandikwa gazetini, na hakuna anayemwambia kwamba hali yake inaweza kubadilika.

Tena ukubwa wa tatizo hauturuhusu kuwaachia wataalamu peke yao. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 970, yaani mtu mmoja kati ya wanane duniani, walikuwa wakiishi na tatizo la afya ya akili, huku wasiwasi uliopindukia na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, vikiongoza. Ripoti hiyo hiyo ilionyesha kwamba serikali kwa kawaida hutenga takribani asilimia 2 tu ya bajeti zake za afya kwa ajili ya afya ya akili. Hata kama kiasi hicho kingeongezwa mara tatu kesho, na kinastahili kuongezwa, bado kazi kubwa ya kila siku ingebaki majumbani, mashuleni na makazini.

Hapa nataka kueleweka vizuri, kwa sababu mazungumzo ya kujijenga yana hatari yake. Anayeugua sonona hakuugua kwa uvivu wala kwa upungufu wa imani. Kurithi, umaskini, ukatili wa utotoni, vita, kufiwa na maradhi ya mwili vina sehemu kubwa katika magonjwa haya, na hakuna tabia njema inayomkinga mtu moja kwa moja. Kumwambia mgonjwa kwamba angelala mapema na kufanya mazoezi asingeugua ni kumwongezea mzigo asiostahili. Ninayoyaeleza ni yale yanayompa mtu nguvu zaidi ya kuhimili, yanayopunguza uwezekano wa kuanguka, na yanayomsaidia aliyeanguka kuinuka akiwa pamoja na matibabu, si badala yake.

Usingizi ndio ningeuweka mbele ya mengine yote. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi kila usiku, na anayekosa saa hizo mfululizo hapungukiwi na nguvu za mwili peke yake. Sehemu ya ubongo inayoitwa amigdala, ambayo huamsha hofu na hasira, huitikia kwa ukali zaidi mtu anapokosa usingizi, huku mawasiliano yake na sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima na kutuliza, yakidhoofika. Ndiyo maana neno dogo la mwenzio linaloweza kupita hivi hivi siku nyingine huonekana ni tusi asubuhi ya usiku mbaya. Ugomvi mwingi wa nyumbani tunaoutafutia sababu za kina nadhani ungepungua kama wahusika wangelala. Kinachosaidia kinajulikana: kuamka saa ile ile kila siku hata siku za mapumziko, kuiacha simu nje ya chumba cha kulala, na kukumbuka kwamba kafeini hukaa mwilini kwa muda mrefu kuliko tunavyodhani. Kwa wastani huchukua saa tano hivi kupungua kwa nusu, hivyo kikombe cha kahawa cha saa kumi na moja jioni bado kiko kazini saa nne usiku. Pombe nayo humlaza mtu haraka, kisha humkatakata usingizi katika nusu ya pili ya usiku.

Kuhusu mwili sitasema mengi, kwa kuwa mengi yameshasemwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa haraka kunatosha kuhesabiwa. Lililo muhimu kwa mada yetu ni kwamba mazoezi hupunguza dalili za sonona na wasiwasi, na kwamba faida huanza hata kwa kiasi kidogo kuliko hicho.

Linalonigusa zaidi ni jambo ambalo watu wengi wanalielewa kinyumenyume, nalo ni uhusiano kati ya kujisikia na kutenda. Tumezoea kuamini kwamba hamu hutangulia: nikijisikia vizuri nitamtembelea rafiki yangu, nikipata moyo nitarudi kuimba kwaya, nikitulia nitapalilia bustani. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia Peter Lewinsohn alieleza jinsi mtego huu unavyofanya kazi. Mtu mwenye huzuni hupunguza shughuli, na kwa kupunguza shughuli hukosa yale yanayoleta faraja, kuridhika na uhusiano na wenzake, kisha kwa kuyakosa huzuni huongezeka, naye hujikunja zaidi. Tiba iliyotokana na uchambuzi huo huanzia upande wa pili: mgonjwa husaidiwa kupanga shughuli ndogo zenye maana, akazitekeleza kwa saa iliyopangwa bila kusubiri hamu, na hamu hufuata baadaye. Kinachofaa kwa mgonjwa chini ya uangalizi kinamfaa pia mzima. Anayeliweka jambo alipendalo kwenye ratiba ya wiki kama anavyoweka kikao cha kazi, na kulitekeleza hata siku ambayo moyo ni mzito, anajiwekea akiba ambayo hawezi kuipata kwa kungoja.

Hisia zenyewe nazo zinahitaji kufundishwa, na hapa malezi yetu wengi yalituacha nusu ya njia. Mtoto anayelia huambiwa anyamaze, kijana anayeogopa huambiwa ajikaze, na mtu mzima aliyefiwa husifiwa kwa kuwa hakutoa chozi. Siwalaumu waliotulea hivyo, maana walikuwa wakituandaa kwa maisha magumu. Lakini majaribio ya mwanasaikolojia James Gross na wenzake, yaliyoanza kuchapishwa katika miaka ya 1990, yalionyesha kwamba mtu anayezuia uso wake usionyeshe hisia haipunguzi hisia yenyewe: ndani bado anaumia vile vile, na mwili wake huzidi kuhangaika kwa ile kazi ya kuficha. Kinyume chake, kuitaja hisia kwa jina huituliza. Utafiti wa Matthew Lieberman na wenzake, uliochapishwa mwaka 2007, ulipima ubongo wa watu waliokuwa wakitazama picha za nyuso zenye hasira au hofu, ukaona kwamba walipozitaja hisia hizo kwa maneno, shughuli ya amigdala ilipungua.

Kwa hiyo mtu anayejifunza kusema, hata kimoyomoyo, kwamba hapa nina wivu, hapa nimeaibika, hapa nina hofu ya kuachwa, anafanya kazi halisi juu ya ubongo wake. Wengi tunaishi na maneno mawili tu, nimechoka na nina mawazo, na chini ya hayo tunafunika kila kitu. Anayesema amechoka wakati amedharauliwa atalala, na kesho ataamka akiwa bado amedharauliwa. Kuandika husaidia pia. James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha mwaka 1986 jaribio ambalo wanafunzi wa chuo kikuu waliandika kwa dakika 15 kila siku kwa siku nne mfululizo kuhusu matukio yaliyowaumiza, na katika miezi iliyofuata wale walioeleza tukio pamoja na hisia zake walikwenda kituo cha afya mara chache kuliko walioandika mambo ya juu juu. Wengi wao walijisikia vibaya zaidi mara tu baada ya kuandika, na ni haki msomaji alijue hilo kabla hajaanza, asije akaacha siku ya kwanza akidhani amekosea. Mwenye kidonda kizito sana asiandike peke yake. Amtafute mshauri wa kumshika mkono.

Kuzitambua hisia hakumaanishi kuzunguka ndani yake usiku kucha. Susan Nolen-Hoeksema alitumia miaka mingi ya utafiti kuonyesha kwamba kuwaza na kuwazua juu ya huzuni, kwa nini mimi, kwa nini tena, ningefanya nini tofauti, hurefusha huzuni na humwongoza mtu kwenye sonona. Tofauti kati ya tafakuri yenye faida na mzunguko huu ni kwamba tafakuri huishia kwenye hatua. Mtu aliyeketi na tatizo kwa nusu saa na hajapata hata jambo dogo la kufanya kesho asubuhi hatafakari tena, na afadhali ainuke, atoke nje, azungumze na mtu au ashike kazi ya mikono. Wapo wanaofaidika kwa kulipangia wazo lao muda maalumu mchana, wakaliandika kwenye karatasi kila linapojitokeza nje ya muda huo, kisha wakaliahirisha hadi saa yake ifike. Linapofika, mara nyingi limeshapungua makali.

Lakini hayo yote, Ndugu Mhariri, mtu anaweza kuyafanya peke yake chumbani, na hapo ndipo ushauri mwingi wa kujijenga unapokosea, kwani binadamu hajengeki peke yake. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard kuhusu maisha ya watu wazima ulianza mwaka 1938 na kuwafuatilia washiriki kwa zaidi ya miaka 80. Msimamizi wake wa sasa, Robert Waldinger, ameeleza mara nyingi kwamba ubora wa mahusiano ya karibu ulitabiri afya na furaha ya uzeeni vizuri zaidi kuliko fedha au umaarufu. Shirika la Afya Duniani nalo liliunda tume ya mahusiano ya kijamii mwaka 2023, na ripoti ya tume hiyo ya mwaka 2025 ilikadiria kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke.

Si lazima anayesaidia awe na shahada. Nchini Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango ambao wanawake wazee wa kawaida, waliopewa mafunzo mafupi na kusimamiwa, huketi kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye msongo wa mawazo, wakiwasaidia kuchagua tatizo moja na kulitafutia ufumbuzi hatua kwa hatua. Jaribio la kitabibu lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba baada ya miezi sita waliosaidiwa kwa njia hiyo walikuwa na dalili chache zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Ninaliona hili kuwa miongoni mwa mambo ya kutia moyo zaidi yaliyopata kufanywa katika taaluma hii, kwa sababu linathibitisha kwamba sikio la mwanadamu mwenzako, likifundishwa kidogo, ni dawa.

Kufundishwa huko hakuepukiki, maana wengi wetu hatujui kusikiliza. Mtu anaanza kutueleza linalomsumbua, nasi kabla hajamaliza tumeshampa suluhisho, au tumemwambia yaliyotupata sisi yaliyo mabaya zaidi, au tumemhimiza ashukuru kwa kuwa wapo wenye shida kuliko yeye. Yote matatu humfunga mdomo. Anayesikiliza vizuri huuliza swali moja lililo wazi, hunyamaza muda wa kutosha hata ukimya ukimsumbua, hurudia kwa maneno yake alichoelewa ili asahihishwe, na huuliza kama mwenzake anataka ushauri au anataka kusikilizwa tu. Kisha hurudi baada ya siku chache kuuliza hali. Huko kurudi ndiko kunakomthibitishia mtu kwamba hakusikilizwa kwa adabu tu.

Wanaoanza tabia hizi huvunjika moyo mapema kwa kudhani kwamba wiki tatu zinatosha. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa mwaka 2010, uliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya, ukakuta kwamba nusu ya waliofikia mazoea walihitaji siku 66 au zaidi, huku makadirio ya mtu mmoja mmoja yakianzia siku 18 hadi 254. Jambo la faraja ni kwamba kuruka siku moja hakukuharibu mchakato. Kwa hiyo ni busara kuanza na tabia moja, ndogo kiasi cha kuwezekana hata siku mbaya, na kuifungamanisha na jambo lililopo tayari, kwa mfano kumpigia ndugu simu kila baada ya chakula cha jioni cha siku fulani ya wiki.

Waajiri nao wasijitoe. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria mwaka 2022 kwamba sonona na wasiwasi huigharimu dunia siku za kazi bilioni 12 kila mwaka. Kumfundisha mfanyakazi mbinu za kupumua polepole huku meneja akimtumia maagizo saa tano usiku ni kumtaka atulie ndani ya kelele unazozipiga wewe. Kazi yenye kiasi, ratiba inayotabirika na mkubwa asiyefokea watu hadharani vina nguvu kuliko semina yoyote.

Ipo mipaka ya kujijenga, na kila mtu aijue. Huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kunakodumu karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, hasa kukiambatana na kuvurugika kwa usingizi na ulaji, kujiona huna thamani au kushindwa kufanya kazi, kunahitaji mtaalamu. Fikra za kujiua zinahitaji msaada siku hiyo hiyo. Na mwenye hofu kwamba ndugu yake anazo amuulize waziwazi, kwa upole, kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, na mara nyingi humpa nafasi ya kwanza ya kulitua.

Ombi langu kwa meza yako, Ndugu Mhariri, lina sehemu mbili. Shirika la Afya Duniani limetoa mwongozo kwa wanahabari kuhusu matukio ya kujiua, ambao toleo lake la hivi karibuni ni la mwaka 2023. Unataka njia iliyotumika isielezwe, habari isipewe kichwa cha kusisimua, na msomaji aonyeshwe mahali pa kupata msaada. Naomba mwongozo huo uwe kanuni ya chumba cha habari. Pia naomba safu ya kila wiki, hata ikiwa ya maneno mia tatu, ambamo wataalamu na watu wa kawaida wataeleza kwa lugha nyepesi jinsi wanavyolala, wanavyozungumza na watoto wao kuhusu hofu, wanavyopatana baada ya ugomvi, na jinsi waliowahi kukata tamaa ya kuishi walivyovuka. Hilo la mwisho nalisisitiza. Utafiti uliofanyika Austria na kuchapishwa mwaka 2010 ulikuta kwamba habari za magazetini kuhusu watu waliopitia fikra za kujiua wakazishinda ziliambatana na kupungua kwa vifo vya kujiua. Niko tayari kushirikiana na wasomaji wengine kuwatafuta waandishi wa safu hiyo, na ningefurahi kuona makala ya kwanza ikitoka kabla ya Oktoba.

Wako mwaminifu,
Msomaji wa siku nyingi